Mbele ya nani? Kwa wanaoanza kuandika skripti za Roblox

Ukitaka kuweka sanduku mbele ya gari, usikimbilie sini na kosini. Jiulize kwanza: mbele kwa mihimili (mistari ya X, Y na Z) ya nani? Dunia ya gemu ina mihimili yake isiyogeuka, na gari lina yake inayogeuka pamoja nalo. Makosa mengi ninayoyakuta kwenye skripti za wanaoanza yanatokana na kuichanganya.

Chukua gari lililopo (100, 4, 50), likitazama upande wa Z hasi, ambao kwa Roblox ndio mbele. Ukiandika gari.Position + Vector3.new(0, 0, -5), sanduku litakaa (100, 4, 45), mbele kabisa, nawe utaridhika. Sasa ligeuze gari nyuzi 90 kushoto. Jibu ni lile lile, ila safari hii sanduku liko ubavuni kulia, kwa sababu kujumlisha kumefuata mihimili ya dunia. Badala yake tumia CFrame, yaani mahali pa kitu pamoja na upande kinakotazama: andika gari.CFrame * CFrame.new(0, 0, -5). Kuzidisha kunafuata mihimili ya gari, na sanduku linahamia (95, 4, 50). Ndiyo maana nawasihi mjaribu skripti zenu na vitu vilivyogeuzwa: kitu kilichonyooka na dunia hulificha kosa hili vizuri sana.

Swali la kinyume, kwamba mchezaji yuko upande gani wa adui, linajibiwa na adui.CFrame:PointToObjectSpace(mahali), ambapo mahali ni pale alipo mchezaji. Z ikiwa hasi yuko mbele, X ikiwa hasi yuko kushoto. Basi.

Palipo pagumu ni mpangilio wa kuzidisha. Mlango wenye upana wa 4 ukiuzungusha kwa CFrame.Angles peke yake utazungukia katikati kama feni. Inabidi usogee kwanza hadi kwenye bawaba kwa CFrame.new(-2, 0, 0), uzungushe, kisha urudi kwa CFrame.new(2, 0, 0), yote yakizidishwa kwa mfuatano huo kutoka kushoto kwenda kulia. Ukianza kwa kuzungusha, mlango hauzungukii tena bawaba. Nyuzi zipitishe kwenye math.rad, maana CFrame.Angles inahesabu kwa radiani. Na tafadhali, hifadhi CFrame ya mlango ukiwa umefungwa, uanzie hapo kila mara; ukianzia ulipo sasa, mchezaji akibonyeza mara mbili, mlango unaofunguka kwa nyuzi 90 utapitiliza hadi nyuzi 180 na kuingia ukutani.