Kwenda tulijua, kubisha hatukujua

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Sahare, Tanga. Mwanawe ana miaka tisa, kila Jumamosi analilia kufuatana na mjomba wake kwenye ngalawa, na kila Jumamosi mama mtu anafunga mlango kwa kufuli. "Nifanyeje, dada? Naogopa maji." Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Nikafuta. Ujumbe umenikaa kooni siku tatu, basi namjibu hapa mbele yenu, maana najua wengi wenu mna mtoto kama huyo na kufuli kama hilo.

Mie nimewahi kupotea baharini.

Ilikuwa Juni 1994, likizo, tuko kwa bibi Tongoni, kijiji cha pwani kusini ya mji wa Tanga. Wanaume kijijini hawakuwa na habari nyingine ila Kombe la Dunia, linaanza Marekani wiki ileile. Mwezi ulikuwa na siku tatu tangu uandame, maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana. Saa kumi na mbili asubuhi yamejaa hadi ndani ya mikoko, na ngalawa ya mjomba inaelea palepale karibu, nanga yake jiwe lililofungwa kamba. Mjomba karudi nyumbani kunywa chai. Mwanawe, miaka tisa kama huyo wa Sahare, akaniambia, "Njoo tucheze unahodha." Mimi nilikuwa na miaka 11, ndiye mkubwa, ndiye niliyetakiwa kukataa. Mdogo wangu wa miaka sita akalia tumchukue. Tukamchukua.

Nia ilikuwa kufika mwisho wa mikoko na kurudi. Binamu akapandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kama anavyomwona baba yake, tanga likajaa upepo, na wallahi nilijiona malkia. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba umande ni upepo wa bara, asubuhi unakwenda baharini, wala kwamba bamvua likianza kupwa maji yanatoka ghubani kama mto. Vyote viwili vilikuwa vinatupeleka upande mmoja. Nilipoona bibi mwenye kuni ufukweni amekuwa mdogo, nikashika pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Mara ya kwanza likagonga mchanga. Mara ya pili likagonga, nikalowa hadi kwapani. Mara ya tatu mkono ukashuka, ukazidi kushuka, na chini hapakuwa na kitu.

Binamu akajaribu kugeuza. Kwenda alijua, kubisha, yaani kurudi kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku, hakujua. Demani, kamba ya kushikia tanga, ikamtoka mkononi, henza, kamba ya kupandishia foromali, aliyoifunga kwa fundo la kamba ya kiatu ikafunguka, foromali ikaanguka nje na tanga lake. Likaondoka taratibu, limetanda juu ya maji kama shuka. Kafi lilikuwa moja. Kisiwa cha Yambe kikawa kushoto kwetu, kisha nyuma yetu.

Mchana sitawachosha nao. Jua, chumvi, kufua maji kwa kopo la mafuta ya kupikia, mdogo wangu kulia na kulala. Alitaka kunywa maji ya bahari nikampiga kofi la mkono, kwa sababu tu bibi alikuwa akisema hayakati kiu. Bibi hakusoma, lakini alisema kweli: lita moja ya maji hayo ina chumvi gramu 35 hivi, na figo kuitoa chumvi hiyo hutumia maji mengi kuliko uliyokunywa.

Niwaambie la adhuhuri. Upepo ulikuwa umegeuka kusi, tunapelekwa kaskazini, na kisiwa kikaja karibu hata miti yake tukaiona mmojammoja. Binamu akavua shati. Alikuwa anajua kuogelea, wavulana wote wa pale wanajua. Mie sikujua. Mtoto wa kike akalowe nguo mbele ya watu aende wapi? Nikamkamata bukta kwa mikono miwili. "Ukienda wewe, sie je?" Akanitukana tusi ambalo sikujua kama analijua. Nikakaza. Akakaa chini akalia kwa hasira, na wakati analia kisiwa kikapita. Hakikuwa karibu hata kidogo. Mkondo wa pale hata mtu mzima haumwachi.

Usiku tulijifunika kanga moja watu watatu, kusi linapuliza kwenye nguo mbichi, meno yanagongana. Mwezi ulichungulia baada ya magharibi, ukazama. Kisha nikaona mji. Nikasema tumefika Tanga! Zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa, na giza la namna ile ndilo wanalolisubiri. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mzee mmoja akasoma Ayatul Kursiyu hadi mwisho kabla hajaturushia kamba. "Nyie watu au wenzetu?" akauliza. Walitupa maji kwa kifuniko cha dumu, kidogo kidogo, tukililia lile dumu zima.

Asubuhi tukashushwa mjini, Deep Sea, wanakoshushia samaki. Mjomba yupo ufukweni, macho mekundu. Akamtazama nahodha, akatutazama sie, mmoja, wawili, watatu. Akasema, "Na tanga langu liko wapi?"

Miaka 30 na ushei. Najua kwamba usiku ule wote alikuwa majini na chombo cha kuazima akitutafuta. Najua lile tanga la kitambaa cha marekani lilikuwa la mkopo. Bado. Siku moja nikasoma habari za wavulana sita wa Tonga, huko Pasifiki, waliochukua mashua ya mtu mwaka 1965 bila ruhusa, wakapeperushwa siku nane, wakaishi kwenye kisiwa kisicho na watu, 'Ata, hadi Septemba 1966. Wanarudi kwao hai, mwenye mashua akawashitaki kwa wizi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi yakanitoka. Kumbe wajomba wako dunia nzima.

Lakini mjomba si kitu mbele ya mashangazi. Wao waliketi barazani wakaamua kwamba aliyewaokoa watoto ni mtoto wa kike kwa kutojua kuogelea. "Ndiyo faida ya kuogopa maji." Hadithi hiyo nimeisikia kwenye kila harusi ya ukoo. Sikubali! Tulipona kwa sababu hatukutoka chomboni. Ngalawa ina matengo mawili, zile mbao za ubavuni zinazoizuia kupinduka, hata ikijaa maji haizami upesi, na wavuvi wanaona chombo, hawaoni kichwa cha mtoto. Kama ningejua kuogelea na kujua hilo, ningemwambia binamu kwa hoja, si kwa kumng'ang'ania bukta.

Sasa dada yangu, fungua kufuli. Mtoto aliyekatazwa bahari haachi kwenda, anakwenda wakati wewe unakunywa chai. Mpeleke kwa huyo mjomba mchana kweupe, amfunze kubisha kabla ya kumfunza kwenda, amwonyeshe maji yanapopwa na saa ngapi. Mnunulie jaketi okozi. Kama mfuko haujaruhusu, dumu tupu la lita tano lililokazwa kifuniko lifungwe ngalawani, linaelea na kushikika. Dumu jingine liwe na maji ya kunywa. Simu iwe kwenye mfuko usioingia maji, na namba 112 aijue kichwani. Na mwambie abaki chomboni. Akikuuliza tena, mwambie abaki chomboni. Na kama ana dada, dada naye aende, nawaombeni sana wazazi wenzangu, tuache huu ujinga wa kumfunza kijana maji na kumfunza binti kuyaogopa. Unamwogopea nini? Nguo?

Binti zangu wawili wanaogelea. Mdogo Jumapili alikwenda na kurudi pale Raskazone mara sita bila kugusa chini, na mie nimekaa ukingoni na kanga yangu, nahesabu kwa sauti kama mwehu.

Mjomba yu hai, mzee sasa. Kila Idi akiniona anasema, "Nakudai tanga." Idi iliyopita nikamchukulia jora la marekani kutoka mjini. Akalikunjua barazani, akalipima kwa mikono yake, pima moja, pima mbili, hadi mwisho, mashangazi wote wanamtazama.

"Limepungua," akasema.