Kwa madereva wapya wa trela: jaba na usingizi wa barabara ya Mombasa

Nyinyi mnaoanza kushika usukani wa trela, sana sana nyinyi mliokuwa matanboi (wasaidizi wa dereva) juzi tu, naomba mnisikize kidogo kuhusu jaba, yaani miraa na muguka. Sihubirii mtu, mimi mwenyewe nimetafuna miaka kumi na mbili, nilikuwa nikitoka Mombasa bila muguka kwa dashibodi naona kama nimesahau leseni.

Vijana wengi mnadhani jaba inaondoa usingizi. Haiondoi bana. Jamaa mmoja wa kliniki ya madereva alinieleza hivi: ukikaa macho saa nyingi kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kichwani, ndio ile inafanya macho yawe mazito, na dawa yake ni kulala tu. Kahawa inaizuia isikae mahali pake kwa muda, lakini bado iko, inangoja. Jaba nayo ina njia yake. Kwa yale majani mabichi kuna kathinoni, hiyo ni ndugu ya amfetamini, ile dawa kali ya kuchangamsha. Kawaida seli za ubongo zikitoa dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, kuna vipampu vinairudisha ndani, sasa kokeini inaviziba vile vipampu, lakini kathinoni inavigeuza vianze kusukuma nje, dopamini inafurika. Hapo ndio handas, ile stimu ya jaba, inashika, stori haziishi, unaona Malaba kwa mpaka wa Uganda iko hapo tu na hutaki hata kusimama kukojoa. Na dopamini kazi yake kubwa ni ile hamu ya kutaka tena, si utamu wenyewe, ndio maana unakuta mtu saa kumi alfajiri anatafuta kijiti chini ya kiti na shavu bado limejaa. (Hiyo kathinoni ikikaa siku mbili tatu inaharibika inabaki kitu dhaifu, ndio sababu miraa inafungwa na majani ya ndizi na zile pikapu za kutoka Maua zinakimbia kama zimefukuzwa.)

Sasa handas ikiwa juu si hapo pa kuogopa sana, ogopa ikianza kushuka, maana usingizi wote wenye ulikuwa umefichwa unakurudia kwa mpigo. Mimi ilinipata usiku wa tatu bila kulala vizuri, tulicheleweshwa kupakia, tukapanga foleni mizani ya Mariakani, Voi nikapita nikiwa freshi kabisa, kufika kati ya Kibwezi na Emali saa tisa usiku naona kondoo wamejaa barabarani. Nikakanyaga breki. Tanboi akaniuliza, dere, kuna nini? Barabara ilikuwa tupu.

Na hao kondoo afadhali, walinishtua. Kuna ule usingizi wa sekunde chache macho yakiwa wazi, mwenyewe hujui umelala, na kwa spidi ya 80 trela inakula mita 22 kila sekunde, hesabu mwenyewe.

Siku hizi nikiskia taya zimechoka na stori zimekatika, napaki, iwe Mtito Andei iwe wapi, nakunywa kahawa alafu nalala dakika ishirini hapo hapo kabla haijaanza kufanya kazi. Mwenye gari akipiga simu namwambia nimepaki. Na msianze ile ya kuvunja handas na pombe ama vidonge asubuhi, huo si usingizi, unaamka kama gunia, usiku unaongeza bagi ingine. Ukianza kuskia sauti ama kuona gari nyuma yako inakufuata tangu Voi, usiulize madereva wenzako, enda hospitali, watu wanapona.

Lingine, ukipangiwa safari ya Tanzania fagia kebini vizuri kabla ya Namanga ama Lunga Lunga, mpaka chini ya godoro. Huko wanaita mirungi na kisheria ni dawa ya kulevya, hawatakuuliza kama ni mabaki ya jana.