Mtoto wa nani huyu?

Mwanangu mpendwa,

Hujambo mama. Huku Mbagala wote wazima, mama yako anakusalimia sana, mvua ndo hizo zinatupiga tangu Jumamosi.

Ile meseji yako nimeirudia mara tatu. Umeniuliza, baba kila ukipiga simu unanisimulia watu walivyoelewana kwenye daladala, hivi hayo mambo yapo kweli au unajipa moyo tu, mbona mimi niliibiwa simu Kariakoo mchana kweupe na watu wakanitazama. Nakumbuka ulivyorudi nyumbani siku ile, na wale watu siwatetei, walikosea. Ila swali lako ntalijibu kwa nilichokiona juzi kwa macho yangu.

Alhamisi natoka Kariakoo saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, gari la Rangi Tatu tumeligombania kama kawaida nikaambulia kusimama karibu na mlango. Humo ndani kila mtu kanuna, huyu kakanyagwa, yule mwavuli wa mwenzie unamchuruzikia, konda anasema sogeeni nyuma kuna nafasi na nafasi yenyewe hamna. Kufika Mtoni Mtongani akapanda mdada ana mtoto mgongoni na ndoo mkononi, hata bomba hana mkono wa kulishikia. Kijana mmoja aliyekaa, nadhani fundi gari maana mikono imejaa oili, akamwambia dada lete nikupakatie. Halafu akaiangalia mikono yake. Akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena, akaona bado, akavua koti akaligeuza ndani nje akalitandika mapajani ndo akampokea mtoto. Mama, ile kufuta mara mbili ilinikaba koo kabisa.

Ndoo akaichukua mzee mmoja wa kanzu akaiweka katikati ya miguu yake. Yule mdada akasukumwa mpaka nyuma kabisa, akatoa noti ya elfu tano, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa konda na chenji ikarudi njia ileile, hakuna aliyeuliza ya nani. Hilo la nauli tunalifanya kila siku mpaka hatulioni tena.

Kizuiani fundi anashuka. Akampa mtoto mama mmoja wa ushungi, akawa analivuta koti taratibu kidogo kidogo asimwamshe, nyuma watu wanasubiri kushuka na hakuna aliyesonya, Dar hii hii.

Unakumbuka ile tarehe 24 Machi 2019, Stars ilivyomfunga Uganda 3-0 tukaenda AFCON mara ya kwanza tangu 1980? Tuliangalia kibandaumiza pale kwa jirani. Msuva aliyetoka Yanga kafunga, Nyoni wa Simba kapiga penati, Aggrey Morris wa Azam kamalizia, na wale mashabiki waliokuwa hawasalimiani tangu mechi ya watani wakawa wamebebana. Ile ilikuwa furaha ya wengi na kila mtu aliisikia. Ya kwenye daladala inataka uwe unaangalia mikono ya watu, ukiangalia nyuso tu utaona wamenuna na utashuka hivyo hivyo.

Na nimewaza jambo moja ambalo linaniuma kulisema. Inawezekana kabisa kwenye gari lile alikuwemo mtu aliyekutazama siku ile unaibiwa. Labda aliogopa kisu, labda alijua akipiga kelele mwizi anapigwa mpaka kufa, sijui. Lakini chenji ya yule mdada ilipita mikononi mwake na haikupungua.

Zakhiem sasa, konda akaona mtoto kapakatwa na mama mwingine kabisa, akapaza sauti, mtoto wa nani huyu? Gari zima likajibu kabla mwenyewe hajafungua mdomo, mama yake yuko nyuma, suka subiri! Akapitishwa yule mdada, ndoo ikamfuata, mtoto akatolewa mwisho, na watu wazima thelathini na kitu wananong'ona, taratibu, taratibu, amelala.

Ukipata likizo niambie mapema nije nikupokee stendi.

Baba yako