Binamu anataka tuwinde elki Colorado, tuanzie wapi?

SWALI: Kaka, salamu kutoka Donholm. Niko na binamu yangu anaishi Texas, makaratasi yake yako sawa, na mwaka ujao Oktoba nitakuwa kwake kwa viza ya matembezi. Sasa ameshikwa na hii kitu ya kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Marekani, anasema twende Colorado wenyewe tulale kwa hema, bila wale watu wa kuongoza wageni juu wanaitisha maelfu ya dola. Shida ni kwamba hajawahi kukanyaga Colorado, na mimi wanyama wakubwa nimewaona Nairobi National Park tu nikiwa ndani ya gari. Inawezekana ama anataka kunipotezea mlimani? – M.K.

JIBU: M.K., inawezekana, na watu hufanya hivyo kila mwaka, kwa sababu Colorado ndiyo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, zaidi ya laki mbili, na sehemu kubwa ya ile milima ni ardhi ya umma, hata mgeni anaingia kuwinda bora awe na laiseni. Wengi hurudi mikono mitupu, hiyo mjue mapema.

Lakini nikisoma barua yako naona mnawaza tu kumpata mnyama, hamjawaza mkishampata itakuwaje, na mimi ningepanga safari nzima kuanzia hapo. Dume la elki ni kubwa kuliko kuro, kilo 300 na zaidi, ukishatoa mifupa unabaki na nyama ya kilo 80 hadi 100 hivi na huko hakuna mkokoteni wala boda. Mgongo wa mtu ambaye hajazoea ubebe kilo 25, kwa hivyo kila mmoja wenu atabeba mara mbili. Mkimwangusha kilomita nane kutoka kwa gari, hesabu: nane na mzigo, nane kurudi mtupu, nane tena na mzigo, hiyo ni 24 kwa miguu, huko juu mita elfu tatu hivi ambako pumzi yenyewe ni ya kukopa, na nyama inataka kupoa haraka isiharibike. Basi chukueni ramani mtafute bonde ambalo halizidi kilomita tatu kutoka barabarani lakini lina mteremko mkali kiasi cha kuwachosha wavivu, muwinde hapo. Na mbebe mifuko ya kitambaa ya nyama, si ya plastiki, nyama kwa plastiki inajipika na joto lake yenyewe.

Ramani ndiyo kazi ya miezi yenu hii yote. Ziko apu za simu zinazoonyesha mpaka wa shamba la mtu na ardhi ya umma, mpakue kabla ya kuondoka kwa sababu netiweki hakuna. Oktoba msimu wa kupandana umeisha, madume yamenyamaza, yanajificha kwa miti minene upande wa mlima unaoangalia kaskazini, alfajiri na jioni ndio wanyama wanatoka kula kwa nyasi. Tafuteni mahali vitu hivyo viwili vimekaribiana na maji yapo, mchague sehemu tatu hivi, kwa sababu ya kwanza mtakuta magari ya wenyewe yamejaa. Na upepo! Asubuhi hewa baridi inashuka bonde, jua likipanda nayo inapanda, kwa hivyo alfajiri kaa chini ya mnyama, mchana kaa juu yake, akikunusa tu amehama mlima.

Sasa tarehe. Vibali vingi hutolewa kwa droo, na Colorado maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili, Oktoba ikifika ndio mnakumbuka basi mmechelewa. Wyoming wao hata mapema zaidi, Februari mwanzoni, tena huko mgeni haruhusiwi kuwinda elki kwenye misitu iliyotengwa kama nyika bila mwongozaji au mwenyeji, hata kama ardhi ni ya serikali kuu, sheria ya ajabu lakini ndiyo hiyo. Binamu asijidanganye eti yeye ni mkaaji wa Marekani: kwa Colorado mtu wa Texas ni mgeni kama wewe, na kibali cha mgeni kinapita dola 700. Halafu kuna kozi ya usalama wa uwindaji, lazima kwa yeyote aliyezaliwa kuanzia 1949, na kwa msimu wa bunduki mvae rangi ya machungwa inayong'aa, kofia pia.

Wewe na viza yako sikiliza vizuri. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu wa viza ya matembezi kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ni kuwa na laiseni halali ya uwindaji ya jimbo. Yaani usiiguse ya binamu hata ya kupima shabaha kabla laiseni haijatoka, na ikitoka utembee nayo mfukoni.

Mazoezi unayo karibu kuliko yeye. Nairobi tuko karibu mita 1,700, Texas ya binamu labda iko tambarare, na wewe Jumamosi unaweza kupanda Ngong na beli ya unga mgongoni, hiyo ni kilo 24, karibu mzigo wenyewe.

SWALI: Kaka, hiyo nyama mtu anaweza kurudi nayo Nairobi? Shemeji yangu yuko Denver na ameniahidi. – Mama Tasha, South B

JIBU: Mama Tasha, nyama ya kuingia nchini inataka kibali cha idara ya mifugo kabla haijapanda ndege, bila hicho itabaki pale uwanjani. Tena kuna ugonjwa unaitwa CWD, unakondesha elki na jamii yake mpaka wanakufa, ulionekana mara ya kwanza Colorado 1967. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumshika binadamu, lakini wataalamu husema mnyama wa eneo lenye ugonjwa apimwe na majibu yangojewe kabla ya kuliwa. Mwambie shemeji akupigie picha, nyama wale huko.