Bondia Chipukizi, Tafuta Mapambano Kwanza, Mkanda Baadaye

Nikiingia ukumbi wowote wa ndondi huku Eastlands, Nairobi, vijana hunizunguka na swali lilelile: mabondia wenu wa zamani wangetuweza? Nilishika ubingwa wa taifa enzi hizo, na tangu nivue glovu nimebaki kwenye kona za ulingo nikifunza, kwa hiyo enzi zote mbili nimeziona kwa karibu. Jibu langu ni hili, na ndilo linalonifanya nikuandikie wewe uliyeanza kufunga bandeji mwaka huu: ninyi mnajua mengi kuliko tulivyojua sisi, ila hampigani vya kutosha.

Tazama rekodi yenyewe. Kati ya 1968 na 1988 mabondia wa Kenya walileta nyumbani medali saba za Olimpiki. Philip Waruinge alianza na shaba kule Mexico City 1968, akapewa pia tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki hiyo. Miaka minne baadaye, Munich, akapata fedha, na Samuel Mbugua na Dick Murunga wakapata shaba. Ibrahim Bilali akarudi na shaba kutoka Los Angeles 1984. Seoul 1988 Chris Sande akapata shaba, naye Robert Wangila akatwaa dhahabu kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Na kumbuka Olimpiki za 1976 na 1980 tulizisusia, wakati tulipokuwa na Stephen Muchoki, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa, yaani ndondi zisizo za kulipwa, mwaka 1978 huko Belgrade. Tangu Seoul, ndondi hazijatupa medali nyingine ya Olimpiki.

Wazee wenzangu husema watoto wa siku hizi ni walaini. Sikubali hata kidogo. Vijana ninaowaona wakikimbia alfajiri kutoka Korogocho na Mathare, kabla ya kwenda kibaruani, wana moyo sawa na wa mtu yeyote niliyepigana naye. Kilichopotea ni mazingira yaliyompa bondia mapambano.

Wakati wetu bondia alikuwa na mwajiri. Polisi walikuwa na timu yao ya Chafua Chafua, Magereza na Jeshi walikuwa na timu zao, na mashirika ya umma yalikuwa na klabu za michezo zenye kocha, vifaa na nauli. Ulipokea mshahara, ulifanya mazoezi, na mwisho wa wiki ulipelekwa kupigana. Mitaani nako kumbi za kijamii zilijaa, Muthurwa, Kaloleni, Pumwani, Shauri Moyo, na mama wauza mboga walijua nani anampiga nani Jumamosi. Katika uzani mmoja ulikuta watu wanne au watano, kati ya Nairobi na Nakuru, ambao yeyote kati yao angeweza kuvaa jezi ya taifa bila aibu. Ulikutana nao tena na tena. Ukishindwa kwa pointi haikuwa msiba. Baada ya wiki chache ulikuwa ulingoni tena, pengine na mtu yuleyule, sasa ukiwa unajua anapenda kuingia kwa mguu gani. Aliyefika timu ya taifa alikuwa ameshapigana na wa mkono wa kushoto, na mrefu asiyesogelewa, na mfupi anayejikunja, na yule mjanja wa kukushika mikono refa akiwa upande wa pili.

Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kupunguza wafanyakazi, na klabu nyingi za michezo zikaenda nao. Vikosi vya usalama vikabaki vikiubeba mchezo karibu peke yao. Kijana wa mtaani akabaki na ukumbi wenye paa linalovuja na kocha anayejitolea.

Sasa naona jambo linaloniumiza. Kijana amefanya mazoezi miezi minane. Kwenye simu ana video nzuri za kupiga padi, zile anazoshika kocha mikononi, wafuasi wanamsifu, na promota ameshamwambia aingie ngumi za kulipwa. Anatafutiwa mpinzani aliyechoka, anashinda. Anatafutiwa mwingine wa aina hiyo, anashinda. Rekodi inasoma ushindi mtupu, lakini hajawahi kuulizwa swali gumu ulingoni. Siku anapopelekwa ugenini kukutana na mtu aliyepikwa katika ridhaa tangu utotoni, raundi mbili zinatosha kuonyesha pengo hilo, na yeye ndiye anayelilipia kwa kichwa chake.

Kwa hiyo unapochagua ukumbi, usianze kwa kuangalia mashine wala vioo. Muulize kocha: vijana wako walipigana lini mara ya mwisho? Wangapi? Yuko nani wa uzani wangu hapa? Mwaka huu mtashiriki ligi na mashindano gani? Kocha mwenye magunia mawili yaliyoshonwa, ambaye vijana wake wako ulingoni kila mashindano yanapofanyika, atakufikisha mbali kuliko jimu ya kifahari inayofundisha watu kupunguza tumbo. Wangu huwaambia wasitie sahihi mkataba wa kulipwa kabla ya mapambano 30 ya ridhaa. Wengine huona ni mengi. Mimi naona ni kiwango cha chini.

Kuhusu ufundi nitasema moja tu kwa urefu, maana mengine kocha wako atakufundisha. Vijana wengi hujifunza siku hizi kutoka kwenye video za mabingwa wa nje, na huiga kile kinachopendeza macho: mikono chini, kichwa kikicheza, mgongo kwenye kamba. Yule bingwa alishusha mikono baada ya miaka mingi ya kuiinua. Wewe anza na jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele. Ipige ukisonga mbele, ipige ukirudi nyuma, ipige ukizunguka upande wa mkono wako dhaifu, kisha irudishe shavuni kwa njia ileile iliyotokea. Waamuzi wa ridhaa siku hizi hutoa pointi 10 kwa mshindi wa raundi, na wanatafuta ngumi safi zinazofika. Haikuwa hivyo wakati wote. Baada ya fujo za uamuzi zilizotokea Seoul, kuanzia Barcelona 1992 waamuzi walibonyeza vitufe vya kompyuta kila walipoona ngumi imefika, na kizazi kizima kikajifunza kugusa na kukimbia. Mfumo huo umeondoka. Una raundi tatu za dakika tatu. Ukiitoa ya kwanza bure kwa kumsoma mpinzani, lazima uzishinde zote mbili zilizobaki. Ndiyo maana jabu inatakiwa iwe imefika usoni kwake kabla hajapata hata nafasi ya kukuzoea.

Sasa nije kwenye upande ambao enzi yenu inaizidi yetu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Sisi tulipigana mazoezini kama tunavyopigana fainali. Sparingi ilikuwa vita. Mtu alipigwa hadi miguu ikalegea, akamwagiwa maji, akaendelea, na tuliita huo ni uanaume. Aliyelalamika kwamba kichwa kinauma alionekana mwoga. Daktari tulimwona siku ya mashindano tu. Leo baadhi ya watu niliokuwa nao kambini wanatetemeka mikono, wanasahau majina ya watoto wao, wanakasirika bila sababu, na familia zao hazielewi kimewapata nini. Wangila wetu, mwenye dhahabu ya Olimpiki, alipigana na David Gonzalez huko Las Vegas Julai 1994 na akafariki siku mbili baadaye kwa jeraha la kichwa, akiwa na umri wa miaka 26. Kila nikisimama kwenye kona ya kijana namkumbuka.

Dunia ya ndondi imejifunza kwa vifo. Mapambano ya ubingwa wa kulipwa yalikuwa raundi 15. Baada ya Mkorea Kim Duk-koo kufariki mwaka 1982 kufuatia pambano lake na Ray Mancini, yakaanza kupunguzwa hadi 12. Kofia za kinga ziliingia Olimpiki mwaka 1984, kisha wanaume wakavuliwa tena Rio 2016. Mazoezini ivae, lakini usidanganyike nayo: kofia huzuia mchaniko wa nyusi, haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Utaniuliza, si umesema tupigane zaidi? Ndiyo, ulingoni, mbele ya refa na daktari, kwa raundi tatu, na mtu wa uzani wako. Ukumbini punguza ngumi za kichwa. Sparingi nyingi iwe ya ufundi, kwa nguvu nusu, mkikubaliana leo mnafanyia kazi nini: mwili tu, au jabu tu, au kutoka kwenye kona. Ile ya nguvu zote iwe nadra, pambano linapokaribia, na kocha awepo. Na ukipigwa ukaona giza, ukisikia kichefuchefu, mwanga ukikusumbua, au ukisahau ulifikaje nyumbani, mwambie kocha siku hiyohiyo. Usimeze dawa ya maumivu ukarudi kesho. Usilale peke yako usiku huo. Kaka, dada au jirani akuangalie, na ukitapika au ukiwa mgumu kuamka ukimbizwe hospitali. Sheria ya ridhaa humzuia aliyepigwa nokauti ya kichwa asipigane wala asifanye sparingi kwa siku zisizopungua 30. Kocha anayekuficha ili uwahi mashindano hakupendi, hata kama anakununulia chakula.

Uzani vilevile. Usijikaushe maji kwa kukimbia umevaa nailoni juani ili uteremke daraja mbili. Pigana pale mwili wako ulipo.

Kwenu mabinti, mna mlango ambao dada zenu hawakuwa nao. Ndondi za wanawake ziliingia Olimpiki London 2012, na Elizabeth Andiego akawa mwanamke wa kwanza kutuwakilisha humo. Christine Ongare alipata shaba ya Jumuiya ya Madola 2018, na Fatuma Zarika akautwaa mkanda wa dunia wa WBC, Baraza la Ndondi la Dunia, kule Michigan, Marekani, mwaka 2016. Baadhi ya kumbi bado huwapa wasichana saa mbovu na magunia mabovu. Dai saa yako kama bondia mwingine yeyote, na ukiona mwalimu ana mkono usiotulia, ondoka siku hiyo ukamwambie mzazi au mlezi.

Kuhusu kula yako, sitakuficha. Ndondi za ridhaa hazilipi kodi ya nyumba Nairobi. Vikosi vikitangaza nafasi, jaribu. Mshahara na muda wa mazoezi kwa pamoja bado vinapatikana huko kuliko kwingine. Usipobahatika, shika ufundi wowote, uchomeleaji, kinyozi, umeme, udereva, na uushike mapema ukiwa bado unapigana. Nimewaona mabingwa wa kweli wakimaliza wakiwa na vikombe na picha ukutani tu, na mtaa uliowashangilia ukawageuka kwa miaka michache.

Siku ya kusaini kwa promota ikifika, nenda na mtu anayeweza kusoma mkataba wote, si ukurasa wa sahihi tu. Uliza pato ni kiasi gani na linalipwa lini, mkataba unakufunga kwa miaka mingapi, nani analipia vipimo vya damu na picha ya kichwa, na ukiumia bili ya hospitali ni ya nani. Jisajili mwenyewe kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, bila kungoja mtu. Chukua nakala. Na ukialikwa kupigana nje ya nchi, kocha wako asafiri nawe hata ikibidi nauli yake ikatwe kwenye pato lako, kwa sababu mtu wa kona mliyekutana hotelini asubuhi ya pambano hawezi kujua lini umechoka tu na lini inafaa arushe taulo.