Ngazi ya vidato vinane, na hakuna kilichofaulu

Mwangaluka, wadogo zangu. Jana nimeingia karakana nikakuta ngazi ya rafu za vitabu imeegeshwa ukutani, imepakwa rangi inang'aa. Vidato vinane, yaani imepita hata kidato cha sita, na hakuna kilichofaulu. Vyote vimebandikwa juu ya miguu kwa misumari miwili miwili. Nilinyamaza kwa sababu mteja alikuwepo. Leo sinyamazi.

1. Msumari unashikilia tu, uzito ubebwe na mbao. Chimbeni pengo la nusu inchi kwenye mguu, kidato kikalie humo, pakeni kola, yaani gundi ya mbao, ndipo mpigilie.

2. Mbao iwe kavu. Hapa mnivumilie kidogo. Mwaka wangu wa pili wa ufundi nilipata oda ya mwalimu mstaafu, rafu zake zinakaribia dari. Yeye alitaka bei rahisi, mimi nikataka faida. Ilikuwa Machi, mvua za Tabora bado zipo, nikanunua mbao zilizotoka kupasuliwa, ukipiga randa maranda yananata kidoleni. Fundi wangu akauliza, "Umezianika wapi?" Nikamjibu zitakaukia kwa mteja.

Zikakaukia kwa mteja kweli. Kufika Septemba, na jua lile mnalolijua, mbao zimesinyaa, misumari inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu kapanda kutafuta kamusi, kidato cha tano kikamzungukia chini ya unyayo.

Alikuja mwenyewe karakana, mkono umefungwa hogo, kidato kakiviringisha kwenye gazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kinyongo. Akachomoa msumari kwa vidole viwili vya mkono mzima, akauweka juu ya benchi. Msafi, hauna hata unyuzi wa mbao. "Mwanangu, huu ulikuwa unashika nini?" Hakudai hata senti. Angedai, ningelala. Nikamtengenezea nyingine bure, na kwa miezi miwili nilipita njia ya nyuma ya nyumba yake nisikutane naye.

3. Vidato viachane futi moja. Vyote, siyo vitatu vya chini halafu vingine kwa macho.

4. Ikiegemea kwenye futi nane, chini itoke futi mbili. Chini ya miguu pigeni vipande vya tairi kuukuu, tailizi hazina huruma.

5. Rangi hapana, inaficha nyufa na macho ya mbao. Vanishi inatosha. Mninga nao waachieni makabati, ghali na mzito; nani atahamisha ngazi ya mninga kila akitaka kitabu? Paini kavu, nyuzi zilizonyooka, basi.

6. Hiyo ya jana mteja anaichukua Jumamosi. Ng'oeni vidato vyote leo, na miguu ipigwe msasa mpaka rangi iishe. Mbao za vidato vipya ziko juu ya kenchi, nilizianika tangu mwaka jana. Zile za mkono wa kulia msiziguse, ni za kitanda cha mtu.