Kabla ya kuisoma CRP, uliza saa

Nawaandikia mnaoanza kushughulika na viashiria vya inflamesheni, yaani vipimo vya damu vinavyoonyesha mwili unavyoitikia jeraha au maambukizi, kwa wagonjwa waliopata mshtuko wa moyo, wodini au kwenye utafiti. Swali ninaloulizwa zaidi linahusu CRP, protini ya damu inayopanda inflamesheni inapotokea: "CRP ni 48, je, mgonjwa yuko hatarini?" Nami huuliza kwanza: damu ilichukuliwa saa ngapi tangu maumivu yaanze?

Msuli wa moyo ukikosa damu, seli zake hufa, na mabaki yake huziita nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zije kusafisha. Hizi hupanda mapema, ndani ya saa chache. Wakati huohuo kotisoli, homoni ya msongo, hushusha limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ndiyo maana uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti huruka upesi. CRP huchelewa, kwa sababu hutengenezwa na ini baada ya kuchochewa na intalukini-6, kemikali ya ishara ya mfumo wa kinga. Huanza kupanda baada ya saa 6 hivi, hufika kileleni karibu siku ya pili, na kichocheo kikikoma hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Mgonjwa aliyefika mapema anaweza kuwa na miligramu 3 kwa lita, keshokutwa akawa na 60, bila balaa jipya kumpata. Ile 3 inaeleza zaidi alivyokuwa kabla: sigara, unene, mishipa yake. Ile 60 inaeleza zaidi ukubwa wa jeraha. Ukiziweka zote kwenye safu moja ya jedwali, hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye. Andika saa ya maumivu kuanza, saa ya sampuli, na kama ilitolewa kabla au baada ya mshipa kuzibuliwa.

Angalia pia nimonia, ambayo nayo hupandisha viashiria, na dawa za steroidi, ambazo hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti zenyewe. Na msiazime kiholela kikomo cha watu wengine, yaani kiwango ambacho kipimo kikikizidi husemwa kiko juu. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wana nyutrofili chache kwa maumbile, jambo linalohusiana na jeni iitwayo Duffy, na ni wazima kabisa. Nyutrofili 9 kwa limfosaiti 1.5 ni uwiano wa 6 popote pale, lakini 6 hiyo haina uzito uleule kwa kila mtu.

Sasa, je, viashiria hivi vinatabiri? Ndiyo, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba vikiwa juu, vifo na moyo kushindwa kufanya kazi huwa vingi zaidi. Ila jeraha kubwa huleta CRP kubwa, na jeraha kubwa ndilo linaloua. Swali gumu, na kwangu ndilo lenye thamani, ni hili: kiashiria kinaongeza nini juu ya tunayoyajua tayari kwa umri, shinikizo la damu, mapigo, kreatinini (kipimo cha figo) na nguvu ya moyo kusukuma damu? Makala isiyojibu hilo naisoma kwa haraka. Vivyo hivyo ile iliyochagua kikomo kutoka kwenye data yake yenyewe, kisha ikakisifu kwa data hiyohiyo.

Kutabiri si kusababisha, na majaribio ya dawa yametufundisha hilo kwa gharama. Mwaka 2017, jaribio la CANTOS lilitumia kanakinumabu, dawa ya kuzuia inflamesheni, kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP ya 2 au zaidi. Matukio ya moyo yalipungua bila kolesteroli kushuka, ingawa maambukizi yenye kuua yaliongezeka. Methotreksati, dawa nyingine ya inflamesheni, katika jaribio la CIRT, 2018, haikusaidia, na CRP yenyewe haikushuka. Kolkisini, nayo dawa ya inflamesheni, ilileta matumaini katika jaribio la COLCOT, 2019. Kisha mwaka 2024 likaja CLEAR SYNERGY, kubwa kuliko COLCOT: CRP ilishuka kwa waliopewa kolkisini, lakini vifo vya moyo, mishtuko mipya na viharusi havikupungua. Someni hilo jaribio mapema, kabla hamjaandika kwenye pendekezo lenu la utafiti kwamba kushusha kiashiria ni kumtibu mgonjwa.